Mraba Uliosogezwa

Watu wa Kathanga husema kwa mzaha kwamba Kivuti amekula udongo mwingi kuliko mchwa, na mzaha huo una ukweli wake. Mpe konzi ya udongo wa popote. Ataitemea mate kidogo, ataifinyanga kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka iwe utepe, kisha ataweka chembe kwenye ncha ya ulimi na kuisaga polepole kwa meno ya mbele. Utepe ukirefuka na kupindika bila kukatika, atakuambia udongo umetoka bondeni. Ukimeguka na meno yakakutana na mchanga, ni wa kilimani. Vijana waliwahi kumfunga macho kwa leso wakamletea udongo wa mashimo saba, akautaja wote, hata ule waliouchota nyuma ya choo chake mwenyewe.

Kwa ulimi hakukosea kamwe. Alikosea kwa mguu, mchana kweupe, na hakuna aliyemwona. Ungekuwapo ungecheka, maana kosa lenyewe lilikuwa la hatua mbili tatu tu. Lakini kwa sababu ya hatua hizo, Januari ya mwaka huu ng'ombe mia moja na sabini walikuwa wanangoja kupandishwa kwenye kilima kinachoweza kulisha sitini, na mtu pekee aliyelijua hilo alikuwa yeye.

Kathanga iko Mbeere ya chini, upande wa Embu ambao wenye kahawa na chai huuteremkia tu wanapotaka mbuzi wa sherehe. Ni kilima chekundu cha ekari kama mia nne, na chini yake bonde jeusi. Sheria ya malisho ya hapo ni ya zamani kuliko kamati yoyote, na maneno yake ni machache: mweusi huliwa kwanza. Mgeni huishangaa. Mvua ikiwa nzuri, bonde hutoa nyasi za kumfika mtu kiunoni, ilhali kilima huwa na vishungi hapa na pale kama kichwa cha mzee. Nani basi angedhani kwamba akiba ni kilima? Lakini udongo mweusi ni bahili. Mvua kubwa huushibisha, nao hutoa. Manyunyu huishia juu juu, jua likayanyanyua kabla mzizi haujajua kwamba kumenyesha, na yale machache yanayopenya, udongo huyashikilia, hauyaachii. Ukikauka hupasuka nyufa za kumeza mguu wa ndama. Mchanga mwekundu hauna ubahili huo. Mvua ya nusu saa huzama yote mpaka mizizini, jua lisiipate, na baada ya siku nane utaona kijani. Kitakuwa kidogo, lakini utakiona.

Kivuti aliijua sheria hiyo kwa mbavu za ng'ombe. Mwaka wa themanini na nne alikuwa na miaka kumi na minane. Bondeni mifugo ilikufa, miguu imenasa kwenye nyufa. Ng'ombe tisa wa baba yake waliifikia mvua kwa sababu ya kilima. Walikuwa mifupa mitupu, lakini waliifikia.

Mwaka huohuo alijifunza sheria nyingine, hii kwa mama yake. Walikuwa wamebakiwa na debe moja la mtama wakati watu wa ukoo walipokuja kutoka mbali kuwatembelea. Mama alijaza makapi ghalani, akautandaza ule mtama juu yake, akauacha mlango wazi ili wapite waone. Wageni walirudi kwao wakisema kwa kina Kivuti kuna chakula. Mama alimweleza kwamba mgeni haonyeshwi ghala tupu. Akiliona atalibeba mpaka kwao, na huko ndiko jina lako litakakokaa. Kivuti alizishika sheria zote mbili, ya udongo na ya ghala, wala hakudhani kwamba siku moja zingegombana.

Miaka miwili baadaye walikuja wapima udongo na lori lao, wakitaka mtu wa kuchimba mashimo yanayolingana na urefu wa mtu. Kivuti alichimba. Bondeni alichimba mpaka wakamteremshia ngazi. Kilimani alichimba dhiraa moja tu, sururu ikagonga mwamba. Wale mabwana ndio waliomfundisha utepe na ulimi, na tangu hapo kila aliyefika Kathanga na viatu vya buti na daftari alielekezwa kwake. Hata mkewe, Wawira, alimpata kwa njia hiyo: alikuwa amepelekwa Manyatta, kule juu kwenye kahawa, kuchimba shimo kwenye shamba la baba yake Wawira, akachimba siku mbili bila kukutana na jiwe, akatoka ndani akisema udongo wa namna hiyo ungemfanya mtu mvivu. Wawira alimjibu kwamba yeye alishaona wavivu wa kwenye mawe pia. Walioana mwaka uliofuata.

Mgeni wake wa mwisho alikuwa Maxine Kagwiria, mwanafunzi wa chuo kikuu kutoka Meru, aliyefika katikati ya mwaka elfu mbili ishirini na tatu kuandika tasnifu yake ya udaktari. Alitaka kujua kila aina ya udongo inatoa nyasi kiasi gani, mvua ikiwapo na isipokuwapo. Kivuti alianza kumwita daktari siku ileile. Kagwiria alisema bado. Kivuti akasema hata ndama aliye tumboni ni ng'ombe. Walipatana. Lakini siku hiyo ya kwanza, waliposimama juu ya kilima, binti alitazama changarawe na vishungi vyake, akauliza kwa upole wa mtu aliyelelewa kwenye kijani, "Na hapa wanakula nini?" Hakuwa na nia mbaya. Kivuti alicheka, na neno lile likamwingia kama mwiba wa mgunga, ule unaokatikia ndani.

Kazi ilikuwa rahisi kuieleza. Kulikuwa na mraba wa chuma, nusu mita kila upande. Unageuka, unaurusha nyuma kupita begani bila kutazama, na unapoangukia ndipo unapopiga magoti. Kila jani lililo ndani ya mraba unalikata kwa mkasi mpaka usawa wa ardhi, unalitia kwenye mfuko wa karatasi ya kaki, unaandika jina la mahali, tarehe na namba. Mara ishirini bondeni, mara ishirini kilimani. Kisha mifuko hupelekwa mjini Embu, nyasi zikakaushwa kwenye tanuri na kupimwa. Kivuti aliuliza kwa nini mtu mzima arushe chuma kwa kisogo kama anayechezea bahati. Kagwiria akamjibu jambo ambalo baadaye lilimnyima usingizi: "Mzee, ukichagua wewe, mizani itapima macho yako, haitapima udongo."

Misimu mitatu waliifanya pamoja, na mambo yakaenda kama sheria ya zamani ilivyosema. Mvua nyingi za mwaka huo na za uliofuata ziliinua bonde likakipita kilima mara tano. Halafu mvua za mwisho wa elfu mbili ishirini na nne zikawa haba, na huo ndio msimu Kagwiria alioungoja, kwa sababu kamati ya malisho ilitaka kujua jambo moja tu: mwaka mbaya ukija, kilima kitabeba ng'ombe wangapi? Walimaliza bonde mwezi wa Februari. Asubuhi ya kuanza kilima, Kagwiria alipigiwa simu kwamba mama yake amelazwa hospitalini. Alimwachia Kivuti mraba, mkasi na mifuko ishirini, akamwambia hana mtu mwingine anayemwamini, akaondoka mbio.

Kivuti aligeuka, akarusha. Changarawe, mashina matatu. Akakata, akatia mfukoni. Akarusha tena. Changarawe. Mara ya sita chuma kiligonga mwamba kikalia, na alipopiga magoti hakupata hata cha kushika. Alitazama mifuko iliyolala kikapuni, myembamba kama bahasha za barua. Akaiona ikifunguliwa huko mjini, mbele ya watu asiowajua, mmoja baada ya mwingine, na mtu akiuliza, na hapa wanakula nini? Alitazama huku na huku. Hapakuwa na mtu. Akaweka wayo juu ya mraba, akausukuma hatua tatu, mpaka chini ya mgunga ambapo kivuli na mavi ya mbuzi vilikuwa vimekuza nyasi nene. Akakata. Mfuko ulituna, na moyo wake ukatulia kama wa mwenyeji ambaye mgeni wake ameomba kuongezwa.

Baada ya hapo mguu ulikuwa umeshajua njia. Alipofika wa ishirini alikuwa ameusogeza mraba mara kumi na nne. Wala hakujiona mwongo. Hili ndilo linalonikera ninapolisimulia. Alijiambia nyasi zile ni za Kathanga, hakuzitoa kwa jirani. Hata mtama wa mama yake ulikuwa mtama.

Ripoti ilitoka Julai. Gichovi, mwalimu mstaafu na mwenyekiti wa kamati, aliwasomea watu kwa Kiswahili: katika mwaka mbaya, kilima cha Kathanga kinaweza kubeba ng'ombe mia na themanini kwa siku tisini. Watu walipiga makofi. Kagwiria alimwambia Kivuti kando kwamba kilima kimemshangaza, na kwamba amefurahi kukosea. Kivuti akasema Mungu ni mwema.

Mwezi wa Agosti kukawa na mkutano wa kuamua kama watu wapunguze mifugo wakati bado ina nyama, kwa maana mawingu hayakuwa na dalili njema. Kijiji chote kilikuwa na ng'ombe mia moja na sabini. Gichovi alisema hakuna haja ya kuuza kwa woga, kilima kinatosha na kubaki. Kisha akamgeukia Kivuti aliyekaa mstari wa nyuma, akamuuliza mbele ya watu wote kama si yeye aliyezikata nyasi hizo kwa mkono wake. Kivuti akajibu, "Ni mimi." Neno hilo lilikuwa la kweli tupu, na hajawahi kusema uongo mkubwa kuliko huo.

Alipokuwa akirudi nyumbani alimwona Ciakuthii, mjane wa miaka sabini na kitu, akizungumza na mnunuzi aliyetoka Siakago. Ciakuthii alikuwa na ng'ombe watatu na alikuwa amepatana kuuza wawili. Sasa alikuwa anamweleza mnunuzi kwamba ameghairi, mwalimu amesema kilima kitawabeba. Mnunuzi akaondoka na kamba yake mkononi, hana kitu mwisho wa kamba. Kivuti alisalimia akapita.

Mvua za Oktoba zilinyesha siku mbili, zikaenda zisirudi. Kufikia Krismasi bonde lilikuwa limeliwa mpaka kwenye shina, na nyufa zikafumbua midomo. Gichovi akatangaza kwamba kilima kitafunguliwa Jumatatu ya wiki ya pili ya Januari.

Jumatano kabla ya siku hiyo, Kivuti alipanda peke yake. Hakwenda na mraba. Macho yake ya miaka sitini yalitosha. Alizunguka mpaka jua likawa utosini, akapiga hesabu, akairudia. Ng'ombe wote wale wangemaliza nyasi kabla ya mwezi kwisha. Wakishamaliza wangeng'oa mashina, na kwato zingeutifua ule mchanga wa dhiraa moja uliokalia mwamba. Mvua ya kwanza ingeuteremsha wote bondeni. Udongo wa namna ile haurudi. Babu zake waliukuta pale, na hakuna aliyewahi kuuona ukizaliwa. Kathanga ingebaki jiwe, na mwaka mbaya ujao, na unaofuata, pasingekuwa na mahali pa kukimbilia. Alikaa chini, akachota konzi ya udongo, akaitemea mate kwa mazoea. Alipoigusa kwa ulimi, machozi yakamtoka. Aliona haya kulia peke yake kilimani, akajifuta, akashuka.

Wawira alikuwa jikoni akichagua kunde. Kivuti alimweleza yote akiwa amesimama mlangoni, tangu simu ya Kagwiria mpaka mfuko wa ishirini. Wawira aliacha kuchagua. Alimtazama mumewe miguuni, akauliza kama ni mguu huuhuu uliokanyaga zulia la kanisa walipooana. Wawira kwa kawaida angeendelea kumchokoza, lakini siku hiyo aliinama, akazisukuma kunde kando, akasema mficha maradhi kilio humfichua, na hiki kilio hakitakuwa cha nyumba moja. Akamwambia apige simu kabla uji aliomwekea haujapoa.

Kagwiria alimsikiliza bila kumkatiza.

"Mara ngapi?" akauliza.

"Kumi na nne."

"Kati ya ishirini."

"Ndiyo, daktari."

"Usiniite hivyo leo," Kagwiria akasema. Kisha akasema atafika kesho.

Alifika saa nne asubuhi, macho yamevimba. Tasnifu yake ilikuwa imeshakabidhiwa kwa watahini. Sasa ingebidi airudishe mwenyewe, aseme sura yake nzuri kuliko zote imejengwa kwenye mguu wa mzee mmoja wa Mbeere. Hakumtukana. Kivuti aliomba moyoni amtukane. Binti alitoa mraba, akampa.

Walirusha kutwa nzima. Kivuti alirusha, Kagwiria akaandika, na kila chuma kilipoanguka binti alitazama kwanza miguu yake, ndipo akatazama nyasi. Mashina manne. Mashina mawili. Mara ya tisa mraba uliangukia changarawe tupu, hatua mbili kutoka kwenye kichaka kizuri. Kivuti alipiga magoti na mkasi wake. Hapakuwa na cha kukata. Alikaa hivyo, magoti kwenye changarawe, mpaka Kagwiria akamnyooshea mfuko.

"Tia," akasema.

"Nitie nini?"

"Kilichopo."

Kivuti akaukunja mfuko mtupu, akaandika juu yake kwa mkono wake: Kathanga, tarehe, namba tisa. Akauweka kikapuni na mingine. Jioni ya siku hiyo mifuko saba ilikuwa mitupu. Kagwiria aliipeleka Embu usiku uleule ikakaushwe, na Jumamosi asubuhi alirudi na namba. Ilikuwa sitini. Walipokuwa wakienda mkutanoni alimwambia Kivuti jambo moja tu.

"Namba nitasoma mimi. Neno la mguu ni lako, mzee."

Walikutana kwenye josho la ng'ombe, lililokaa miezi bila maji. Kagwiria alisoma, watu wakaguna, wakauliza ilikuwaje mia na themanini ikawa sitini kabla hata mwaka kwisha. Gichovi alianza kusema habari za ukame. Kivuti akasimama.

"Mwalimu, si ukame," akasema. "Ni mimi. Mwaka jana nilitumwa kupima hii kilima nikiwa peke yangu. Ule mraba ulikuwa unaanguka kwa mawe, na mimi nikaona aibu. Nikausukuma na mguu mpaka penye nyasi. Mara kumi na nne. Daktari hakujua. Na Agosti mkaniuliza, nikaficha."

Mtu mmoja alicheka kwa kutoamini, akaachia njiani. Kisha ghasia zikaanza. Kuna aliyesema Kivuti amehongwa ili ng'ombe wa wengine wakose malisho, kuna aliyemtupia kofia. Gichovi aligonga pipa kwa fimbo mpaka mkono ukamchoka. Aliyenyamazisha watu hakuwa yeye. Ciakuthii aliinuka kutoka kwenye ukingo wa josho, taratibu, kwa namna ya wazee wanaoanzia magotini, na watu wakanyamaza kumsubiri amalize kusimama.

"Kivuti," akasema, "ungesema Agosti, wangu wangekuwa na nyama. Sasa nitamuuzia nani ngozi?"

Akakaa. Kivuti alikuwa amejiandaa kwa matusi, kwa faini, hata kwa kofi. Kwa hilo hakuwa amejiandaa.

Kamati ilijadiliana mpaka alasiri. Nyumba zilikuwa sitini na ng'ombe ni sitini; hesabu haikuhitaji chuo kikuu. Kila nyumba ingepandisha ng'ombe mmoja. Wengine wangepelekwa popote mwenyewe atakapoona, na wote walijua kwamba popote hapakuwapo. Kisha pakahitajika mtu wa kusimama kwenye mwanya wa ua wa miiba, njia pekee ya kupandia, kuhakikisha hakuna nyumba inayopitisha wawili. Gichovi akasema kwa ukali wa mwalimu kwamba aliyekifungua kilima kwa mguu atakifunga kwa mguu. Watu wakaitikia. Kivuti akakubali, kisha akaomba neno la mwisho: nafasi ya nyumba yake apewe Ciakuthii. Wawira, aliyekuwa upande wa wanawake, aliinamisha kichwa, na kwa kuinama huko akawa amekubali.

"Nitachukua," Ciakuthii akasema. "Lakini hiyo si zawadi. Usije ukatembea ukidhani umetoa zawadi."

Jumapili Kivuti alitoa ng'ombe wake wanne. Walichukuliwa na mchinjaji kwa thamani ya ngozi na kwato, na mmoja hakuweza kupanda lori, akabaki.

Jumatatu alikuwa penye mwanya kabla jua halijachomoza. Watu walifika mmoja mmoja. Wengi walimpita bila salamu. Mtu aliyekuwa na ng'ombe tisa aliwaleta wanane wa ziada hadi pale pale, akisema angalau wapate kuona. Kivuti akamruhusu mmoja, akawarudisha wanane, na wale wanane walikuwa wakigeuza vichwa kutazama kule juu. Mwingine alimsihi kwa jina la marehemu baba yao, maana walikuwa wa ukoo mmoja. Kivuti alisema hapana. Alisema hapana mara nyingi zaidi asubuhi ile kuliko alizosema maisha yake yote, yeye aliyelelewa asimwonyeshe mgeni ghala tupu, na kila aliyemwambia alikuwa jirani aliyekwisha kula kwake.

Ciakuthii alifika wakati umande umekauka. Alikuwa na ng'ombe wote watatu: mtamba mwenye madoadoa aliyekuwa na mimba, wa rangi ya kahawia aliyekuwa bado anatoa maziwa ya kutia chai, na mweusi mzee ambaye pembe moja ilikuwa imekatika. Kivuti alimjua huyo mweusi. Alikuwa uzao wa wale tisa wa baba yake. Baba mwenyewe ndiye aliyempa mume wa Ciakuthii ng'ombe aliyekuwa nyanya yake huyu mweusi, wakati wanaume wawili wale walipochunga pamoja kwenye kilima hicho mwaka wa themanini na nne.

"Ni wawili, mama," Kivuti akasema.

"Najua ni wawili."

"Basi niambie wawili gani."

Ciakuthii aliziweka kamba tatu mkononi mwa Kivuti, akavibana vidole vyake juu yazo kama anayempa mtoto kitu asiangushe.

"Chagua wewe," akasema. "Si wewe ndiye hujua kuchagua?"

Kivuti alisimama na kamba zile. Aliwatazama ng'ombe mbavu, akawatazama kwato, ingawa alikuwa ameshajua jibu tangu alipowaona wakikunja kona. Mtamba ana mimba. Wa kahawia ana maziwa. Mweusi amezeeka, hatazaa tena, na atakula sawa na wenzake. Kilima hakikuwa na shibe ya kumlisha kwa ajili ya kumbukumbu. Alitaka kusema jambo, kwamba alimkumbuka baba yake, kwamba anaomba msamaha, lakini aliona kuwa hata hilo lingekuwa la kujifariji yeye.

Akawapitisha mtamba na wa kahawia. Kamba ya tatu akairudisha mkononi mwa Ciakuthii.

"Nilijua utasema huyo," Ciakuthii akasema, na sauti yake haikuwa na hasira tena, jambo ambalo lilikuwa zito zaidi. "Mimi mwenyewe nilishindwa usiku mzima."

Akamgeuza mweusi kwa kumpapasa shingoni, wakaanza kushuka pamoja, polepole, kwa sababu wote wawili walikuwa na magoti mabovu. Kivuti aliwafuata kwa macho hadi kwenye ukingo wa bonde jeusi. Hakuwaona wakifika mbali, kwa sababu nyumba iliyofuata ilikuwa imeshafika penye mwanya na ng'ombe watano.